Wafini waliwatosa Waswidi? Ngoja nieleze

Nafundisha uhusiano wa kimataifa, na kila mwaka nikifika kwenye mada ya NATO (ule muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi) baada ya 2022 kuna mwanafunzi lazima anyooshe mkono aseme sasa mwalimu, hawa Wafini si waliwatosa Waswidi? Waliomba kuingia NATO pamoja, yaani walitoka nyumbani pamoja, Ufini kaingia ukumbini, mwenzake kaachwa getini karibu mwaka mzima. Huwa najibu mpaka muda wa kipindi unaisha, kwaio leo nimeona bora niandike hapa, mwakani natuma linki tu.

Kwanza tuelewane, Uswidi sio Uswisi. Uswidi ni ya Stockholm na Volvo, Uswisi ni ya Geneva na mabenki. Ukichanganya kwenye mtihani wangu nakata maksi bila huruma.

Mimi hii stori naanziaga kwenye meli. Niliwahi kupanda ile meli ya usiku ya Stockholm kwenda Helsinki, kubwa kama ghorofa linaloelea, na usiku wa manane ikasimama kwenye mji mdogo unaitwa Mariehamn. Nikachungulia dirishani nione abiria wanashuka, wapi, watu wawili watatu na mabegi yao, mara tukaondoka. Asubuhi nikamuuliza mhudumu pale tulisimama kufanya nini, akacheka akaninyooshea kidole duka la ndani ya meli, lile la pombe na chokoleti. Kumbe Mariehamn ni mji mkuu wa visiwa vya Åland, na Åland iko nje ya eneo la VAT la Umoja wa Ulaya, kwaio meli ikigusa pale inaruhusiwa kuuza vitu bila kodi. Ni utaratibu uliowekwa maalumu kwa ajili ya visiwa hivyo Ufini ilipojiunga na Umoja wa Ulaya mwaka 1995, mwaka huohuo na Uswidi.

Sasa watu wa Åland wako kama 30,000 hivi, wanaongea Kiswidi, wana bunge lao na bendera yao, ila ni raia wa Ufini. Ufini ilipopata uhuru mwaka 1917 wao walitaka kurudi Uswidi, na Uswidi nayo ilivitaka visiwa. Kesi ikaenda Ushirika wa Mataifa (uliotangulia Umoja wa Mataifa), na mwaka 1921 hukumu ikatoka kwamba visiwa vinabaki Ufini lakini wapewe madaraka ya kujitawala, lugha yao ilindwe, na pasiwekwe majeshi (hilo la majeshi lilikuwepo tangu 1856 baada ya vita vya Crimea). Uswidi ikashindwa kesi, ikalalamika, ikakubali. Hapo ndipo mimi naona urafiki wao wa kisasa ulipozaliwa, sio kwenye hotuba za siku za sherehe.

Na wana kijimwamba kingine huko baharini, Märket, mpaka unapita katikati yake. Mwaka 1885, Ufini ikiwa bado chini ya Urusi, pakajengwa mnara wa taa, kumbe umejengwa upande wa Uswidi. Ukakaa hivyo miaka 100! Mwaka 1985 wakakaa mezani wakachora mpaka upya, sasa umepindapinda kama herufi S ili mnara uangukie Ufini na kila mtu abaki na eneo lenye ukubwa uleule. Kwetu hapo mtu angeshang'oa bikoni usiku.

Lakini msije mkadhani ni mapenzi matupu. Ufini ilikuwa sehemu ya Uswidi zaidi ya miaka 600 mpaka Urusi ilipoichukua mwaka 1809, na kuna Wafini bado wanawaona Waswidi kama kaka mkubwa anayejisikia. Stalin wa Usovieti alipoivamia Ufini Novemba 1939, serikali ya Uswidi haikuingia vitani. Ilituma silaha na misaada, Waswidi kama 8,000 wakaenda wenyewe kwa kujitolea, na katika miaka ile ya vita watoto wa Kifini karibu 70,000 wakapelekwa Uswidi kulelewa na familia za watu. Kwaio kuna deni na kuna kakidonda, vyote viwili. Kakidonda hako utakaona kwenye hoki ya barafu, yaani ni Simba na Yanga kabisa. Mwaka 1995 Ufini iliwafunga Waswidi fainali ya dunia 4-1 palepale Stockholm na mpaka leo hawajanyamaza.

Wakati wa Vita Baridi wote walikuwa hawafungamani na upande wowote, ila sababu zilikuwa tofauti na hapa wanafunzi wengi wanateleza. Uswidi ilichagua, haijapigana vita tangu 1814 na ikajijengea heshima kwa hilo. Ufini ilikuwa inatembea kwa kunyata, ina mkataba wa 1948 na Moscow na mpaka wa kama kilomita 1,340. Sisi Watanzania tuliwajua wakiwa kapu moja na Denmark na Norway, wale wa mradi wa Kibaha wa mwaka 1963, shule, hospitali na kilimo, kwaio ni rahisi kudhani wanafikiria sawa. Hawafikirii sawa.

Baada ya Urusi kuichukua Crimea 2014 majeshi yao yakaanza kusogeleana kwa kasi, na mwaka 2020 Uswidi ikapitisha sheria inayoipa serikali nafasi ya kusaidiana kijeshi na Ufini haraka bila mlolongo mrefu. Sheria ile haikupata kelele nyingi huku kwetu lakini kwangu ilikuwa ni habari kubwa kuliko ziara kumi za marais.

Halafu ikaja Februari 24, 2022, Urusi ikaivamia Ukraine. Wafini walibadilika kwa wiki chache tu, wananchi kwanza, wanasiasa wakafuata nyuma. Stockholm walikuwa wazito. Machi 8 waziri mkuu Magdalena Andersson alisema kuomba NATO wakati ule kungezidi kuvuruga eneo. Aprili 13 waziri mkuu wa Ufini, Sanna Marin, akaenda Stockholm, wakasimama wote wawili mbele ya waandishi, na Marin akasema uamuzi wao ni wa wiki sio miezi. Mwenzie hakusema hivyo, lakini ukimwangalia ulikuwa unaona kashaelewa kwamba Wafini wataenda hata yeye akikaa. Na Uswidi kubaki nje peke yake ilikuwa hesabu mbaya. Mei 15 Ufini ikatangaza nia, Mei 16 serikali ya Uswidi nayo ikatangaza, Mei 17 mawaziri wao wa mambo ya nje wakasaini maombi, na siku hiyohiyo rais Niinistö wa Ufini alikuwa Stockholm kwa ziara ya kitaifa kwa mfalme. Mei 18 asubuhi kule Brussels mabalozi wawili wakamkabidhi katibu mkuu wa NATO, Stoltenberg, barua, picha ile mnaijua, yeye katikati, bahasha kila upande. Mtu yeyote aliyewahi kuandaa barua moja ya serikali anajua barua mbili za serikali mbili kufika meza moja asubuhi moja sio bahati, ni simu za usiku na watu wa protokali wasiolala. Ndo wakawa Kulwa na Doto rasmi.

Kuingia NATO lazima kila mwanachama aridhie, na Uturuki ikawawekea ngumu, hasa Uswidi, kwa masuala ya Wakurdi na vikwazo vya silaha. Juni 28 wakasaini makubaliano ya nchi tatu Madrid, mambo yakasogea, yakakwama tena. Januari 2023 mtu akachoma Kurani karibu na ubalozi wa Uturuki Stockholm na hapo ikawa moto. Siku chache baadaye waziri Haavisto wa Ufini akateleza kwenye mahojiano akasema pengine itabidi waangalie upya habari ya kwenda pamoja, na siku ileile akarudi kusema hapana, hatujabadilisha kitu. Mimi naamini kauli ya kwanza ndiyo ilikuwa ya moyoni. Rais Erdoğan wa Uturuki naye alishaona upenyo, akasema Ufini anaweza kuipa jibu tofauti, na Uswidi itashangaa.

Sasa hapo ndipo kwenye swali la mwanafunzi wangu. Ufini ingesusa ikasema tunaingia wote au hatuingii? Kwa maoni yangu ingekuwa ni kosa kubwa. Mwenye mpaka na Urusi ni yeye, na kusubiri kungemfanya yeyote anayeibana Uswidi awabane wote wawili kwa gharama ya mmoja. Na angalia ramani, Ufini ikishaingia NATO, Uswidi inabaki na Norway kushoto, Denmark kusini, Ufini kulia, wote wanachama. Huyo hajaachwa getini, kaachwa uani anasubiri kufunguliwa mlango wa jikoni.

Na cha muhimu hakuna aliyeshtukizwa. Katikati ya Machi waziri mkuu mpya wa Uswidi, Kristersson, mwenyewe ndiye aliyewaambia wananchi wake kwamba uwezekano wa Ufini kutangulia umeongezeka na wamejiandaa. Siku chache baadaye Niinistö akaenda Uturuki na Erdoğan akatangaza kuridhia. Aprili 4, 2023 Ufini ikawa mwanachama wa 31, na katika tamko la siku hiyohiyo ya furaha Niinistö akasema uanachama wa Ufini haujakamilika bila Uswidi. Unaweza kusema ni maneno tu, lakini katika diplomasia siku unayochagua kusema kitu ni nusu ya kitu chenyewe.

Uswidi ikasubiri bunge la Uturuki mpaka Januari 2024, halafu Hungaria ambayo siku chache kabla ya kupiga kura ilikubaliana na Uswidi kununua ndege nne za kivita za Uswidi aina ya Gripen, mimi simo. Machi 7, 2024 ikawa mwanachama wa 32. Mwezi uliofuata rais mpya wa Ufini, Stubb, ziara yake ya kwanza ya kitaifa akaenda Stockholm kama desturi yao. Na Septemba mwaka huo ikatangazwa kwamba kikosi cha NATO kitakachokaa kaskazini mwa Ufini kitaongozwa na Uswidi.

Mwaka huu mmoja kaniuliza swali jipya, kama Uturuki ingeikatalia Uswidi mpaka leo ingekuwaje, maana Ufini ingekuwa mwanachama wa NATO huku ina ahadi za kijeshi na jirani ambaye sio mwanachama. Nikamwambia kaa chini. Hilo ndo swali la kwanza la mtihani, msiseme sikuwaambia.