Je, wajua kwa nini vipande vya mashua ya mfano hukataa kuingiana?

Umefungua boksi, vipande vyote vya mbao vimekatwa kwa leza na kila kimoja kina namba yake. Unachukua taruma la nne, yaani ubavu wa mashua, unalielekeza kwenye pengo lake juu ya mkuku, ule uti wa mashua unaopita chini kwa urefu wake, na haliingii. Mimi yalinikuta mwezi Aprili, masika yamekolea hapa Nairobi. Nikaligonga kidogo kwa nyundo, likapasuka. Nilikilaumu kiwanda, kumbe sababu ilikuwa ndani ya mbao yenyewe.

Mataruma na mkuku wa seti nyingi hukatwa kwenye plaiwudi, yaani matabaka membamba yaliyogandishwa pamoja, nyuzi za tabaka moja zikikatiza za jingine. Mbao hunywa unyevu wa hewani na kuvimba, lakini huvimba kukatiza nyuzi. Kwa urefu wa nyuzi haibadiliki sana. Katika plaiwudi matabaka huzuiana, kwa hiyo ubao hautanuki upande, unanenepa tu. Pengo la milimita 3 linabaki vilevile, ilhali taruma limenenepa. Sehemu moja ya kumi ya milimita yatosha kulizuia.

Dawa yake ni msasa laini uliobandikwa kwenye kijiti cha aiskrimu. Piga kuta za pengo kidogo kidogo, ukijaribu bila gundi, hadi taruma liteleze kwa nguvu ya kidole bila kuchezacheza. Usilisukume kwa nguvu hata kama linaelekea kukubali. Kila taruma lililobanwa ni kabari, na kabari kumi zilizopangwa mstari mmoja zitaupinda mkuku wote. Hilo hutaliona mpaka ubao wa pembeni ukatae kulala, nawe utahangaika na ubao usio na kosa.

Hata hivyo, tatizo kubwa si unyevu, ni umbo. Leza hukata ukingo ulionyooka, lakini mashua hujikunja kuelekea omo (mbele) na tezi (nyuma). Kwa hiyo mataruma ya miishoni hugusa ubao kwa kona tu. Fundi wa jahazi kule Lamu huchonga kila taruma lifuate chombo kilicho mbele yake. Seti imekuachia wewe kazi hiyo. Paka kingo za mataruma penseli, kisha pitisha msasa mrefu unaogusa mataruma matatu kwa pamoja. Mbele ya katikati unaondoa upande wa omo, nyuma unaondoa upande wa tezi. Penseli inapobaki, msasa haujafika. Kazi hii inaweza kula jioni mbili nzima, na sijaona njia ya mkato iliyo salama.

Halafu zinakuja mbao za pembeni, na hapa hesabu ndogo huokoa mengi. Pima kwa utepe wa karatasi kutoka juu hadi mkuku. Tuseme katikati umepata milimita 100 na kwenye omo 60. Mbao za milimita 5 zitakuwa 20 katikati, na hizohizo 20 lazima zienee kwenye omo: 60 kugawanya kwa 20 ni 3. Basi kila ubao upunguzwe taratibu hadi milimita 3 mbele. Ukiacha upana wake, zitapandana. Hesabu ikikudai chini ya nusu ya upana, katiza ubao mmoja njiani, ulioko jirani uchukue nafasi yake.

Ubao mgumu kupinda hulowekwa kwenye maji moto, hufungwa kwa vibanio vya nguo, kisha huachwa ukauke kabisa kabla ya gundi. Ukigandishwa ukiwa mbichi utasinyaa na kuacha nyufa.

Pengo la mwisho halifanani na ubao wowote wa boksini. Langu lilikuwa na umbo la jani la muhogo lililokunjwa. Nilibandika karatasi juu yake, nikasugua kingo kwa penseli, nikakata ubao kwa kufuata alama hiyo huku nikiuacha mpana kidogo, kisha nikaumalizia kwa msasa. Ukaingia bila kusukumwa.