Jiko la mkaa chumbani: kwa nini hewa ile haijisafishi yenyewe

Kipupwe kinapoingia, maabara huanza kupokea damu za watu waliolala na jiko la mkaa. Mara nyingi damu hiyo tunaitambua kabla ya kuiweka kwenye mashine: ni nyekundu ya kung'aa, kama ya mtu mwenye afya tele, ilhali mwenyewe yuko mahututi au ameshafariki.

Serikali inahimiza nishati safi ya kupikia. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilishaagizwa kuacha kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa wa 2024–2034 umelenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Kaya ambazo bado zinategemea mkaa, hasa kwenye baridi ya Makete, Njombe au Lushoto, zina haki ya kujua kinachoendelea ndani ya jiko.

Hewa huingilia chini. Oksijeni ikigusa mkaa wa chini, inakuwa kaboni dioksidi. Gesi hiyo inapanda katikati ya mkaa uliokolea na kukutana na kaboni tena, na hapo molekuli moja ya kaboni dioksidi huzaa mbili za kaboni monoksidi, ambayo ndiyo sumu yenyewe. Mmenyuko huu unaweza kwenda mbele au kurudi nyuma, na mwelekeo wake hupimwa kwa nishati huru ya Gibbs. Chukua badiliko la entalpia (joto ambalo mmenyuko hulichukua au hulitoa), toa halijoto ya kelvini (nyuzi za sentigredi ukiongeza 273) iliyozidishwa na badiliko la entropia (kiasi cha mtawanyiko). Jibu likiwa hasi unakwenda mbele, likiwa chanya unarudi, na likiwa sifuri upo kwenye msawazo, yaani hauelekei upande wowote. Hapa entalpia ni kilojuli 172 na entropia ni juli 176 kwa kelvini, kwa hiyo mpaka upo kwenye kelvini 980 hivi, yaani takriban nyuzi 700 za sentigredi. Mkaa uliokolea hadi rangi ya chungwa umeshafika nyuzi 900. Isitoshe, namba hizo ni za gesi zenye kanieneo la angahewa moja kila moja. Jikoni zimechanganyika na naitrojeni nyingi, na hali hiyo inausukuma mmenyuko mbele zaidi, kwa kuwa molekuli moja ya gesi inageuka mbili.

Ule mwali mdogo wa bluu unaocheza juu ya mkaa ni kaboni monoksidi inayoungua ikikutana na hewa ya juu. Watu husubiri mwali huo uishe na moshi ukatike, wanafunika mkaa kwa majivu ili udumu, ndipo wanaingiza jiko ndani wakisema "umeshaiva". Ndani ya majivu mkaa bado ni mwekundu na gesi inaendelea kutoka, ila sasa haina mwali wa kuiteketeza. Haina rangi wala harufu. Kukosa moshi si usalama, na jambo hili tumelisema mara nyingi mno.

Wapo wanaouliza, na swali lao ni zuri: kama kaboni monoksidi hupenda kuwa kaboni dioksidi, si itajibadilisha yenyewe hewani? Ni kweli kwamba nishati huru ya badiliko hilo kwenye nyuzi 25 ni hasi kilojuli 257 kwa moli. Msawazo umeegemea upande wa kaboni dioksidi kiasi kwamba kisingebaki chochote cha kupima. Hata hivyo nishati huru inakuonyesha mmenyuko unaelekea wapi. Haikuambii utafika lini. Kwenye baridi ya chumbani, bila kichocheo (kitu cha kuharakisha mmenyuko), gesi hiyo itakaa mpaka asubuhi bila kubadilika. Kitakachoitoa ni hewa inayopita.

Wapo wanaoweka bakuli la maji au kitunguu kilichokatwa chumbani wakidhani vitaiondoa gesi. Bakuli la maji haliitoi. Lita nzima ya maji ya nyuzi 20 huyeyusha mililita 23 hivi za gesi hiyo, tena pale ambapo juu yake pana kaboni monoksidi tupu. Kitunguu kilichokatwa hakiitoi. Na tafadhali, msimnyweshe maziwa mtu aliyezimia; sumu iko kwenye damu, si tumboni, na maziwa yatampalia.

Kwenye damu nako ni msawazo. Himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, huishika kaboni monoksidi kwa nguvu mara 200 hadi 250 kuliko oksijeni. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21, kwa hiyo kaboni monoksidi ya asilimia 0.1 tu inatosha, mtu akiivuta kwa saa kadhaa, kunyakua karibu nusu ya himoglobini. Lakini msawazo huu hurudi nyuma oksijeni ikizidishwa. Mtoe mgonjwa nje, acha milango wazi, usikawie humo ndani wewe mwenyewe, piga 114 kwa Zimamoto na umwahishe hospitali yenye oksijeni. Kwenye hewa ya kawaida sumu hupungua kwa nusu kila saa nne hadi tano. Kwenye oksijeni tupu, kila saa moja hadi moja na nusu.

Hii ndiyo sababu tunasisitiza utaratibu wa sampuli. Damu ichukuliwe kabla ya oksijeni ikiwezekana, lakini oksijeni isicheleweshwe kwa ajili yetu. Chupa iwe na dawa ya kuzuia kuganda, ijazwe karibu na mfuniko, ifungwe kwa lakiri na ihifadhiwe kwenye ubaridi. Fomu iwe na sahihi ya kila aliyeishika; sampuli isiyo na lakiri au sahihi hairuhusiwi kupokelewa, hata familia ikilalamika. Iandikwe saa ambayo mgonjwa alitolewa chumbani, saa aliyowekewa oksijeni na saa ambayo damu ilichukuliwa. Bila saa hizo hatuwezi kuhesabu kurudi nyuma na kujua alikuwa amevuta kiasi gani usiku ule.