Je, wajua kwa nini timu yako inashika mpira dakika 90 na bado haifungi?

Kila anayecheza Football Manager, gemu ya kompyuta ambamo wewe ndiye kocha wa timu, anaujua ukurasa ule wa takwimu baada ya mechi. Umiliki wa mpira: sisi asilimia 67, wao 33. Pasi: sisi 640, wao 270. Halafu unainua macho kwenye matokeo: sisi 0, wao 1. Bao lenyewe limetokana na mpira mmoja mrefu dakika ya 78, mabeki wetu wa kati wakiwa wamesimama karibu na mstari wa katikati ya uwanja.

Wengi wakifika hapo huilaumu gemu. Mimi niliilaumu msimu mzima, mpaka siku niliporudi kwenye ukurasa wa mbinu nikausoma upya, agizo kwa agizo. Nikakuta nimewaagiza wachezaji wasipoteze mpira, lakini hakuna mahali nilipowaambia waufanyie nini.

Tuanze na mentaliti, maana ndiyo inayowapoteza watu zaidi. Ina ngazi 7, kuanzia kujilinda kabisa hadi kushambulia kabisa, na wengi hudhani inahusu tu idadi ya watu wanaopanda mbele. Hasa ni kipimo cha kuthubutu. Ndiyo inayoamua kama mwenye mpira ataijaribu pasi ya kupenya au atachagua ile ya salama. Tena haiendi peke yake: ukiisogeza, inavuta tempo (kasi ya mchezo), upana, urefu wa pasi na mstari wa ulinzi. Kwa hiyo "pasi fupi" chini ya mentaliti ya kushambulia na "pasi fupi" chini ya mentaliti ya tahadhari ni agizo moja lenye tabia mbili tofauti.

Sasa mtazame mtu anayetaka soka la pasi anavyopanga. Anachukua mentaliti ya tahadhari. Anaweka pasi fupi kabisa. Anashusha tempo. Anaagiza mpira uanzie nyuma, kisha usipigwe golini mpaka ufikishwe ndani ya boksi. Mwisho anabana upana ili wachezaji wakaribiane. Kila agizo likiwa peke yake lina mantiki. Yakikaa pamoja, yote yanamwambia mchezaji neno moja: usithubutu.

Uwanjani inaonekana hivi. Kipa anampa beki wa kati, beki anampa namba sita, yule kiungo anayecheza mbele ya mabeki. Namba sita anageuka, na kule upande wa pili winga wetu yuko peke yake, hana mtu. Ni pasi ya mita 30, ina hatari kidogo. Haipigi. Anarudisha kwa beki, beki anampa fulbeki, fulbeki anarudisha. Wapinzani nao wanateleza taratibu kuufuata mpira, mistari miwili ya watu wanne wanne mbele ya boksi lao, na mpira ukifika kwa winga wameshamfikia. Zimepigwa pasi 20 na hakuna mpinzani hata mmoja aliyeng'olewa mahali pake. Asilimia 67 zinapatikana hivyo.

Mambo haya yapo hata kwenye soka la kweli. Kombe la Dunia la 2018, hatua ya 16 bora, Hispania walipiga zaidi ya pasi 1,000 dhidi ya wenyeji Urusi, ikaisha 1-1 na wakatolewa kwa penalti. Mwaka 2022 kule Qatar, hatua ileile, walipiga tena zaidi ya pasi 1,000 dhidi ya Moroko. Dakika 120 zikaisha 0-0, na kwenye penalti Hispania hawakufunga hata moja. Moroko wakapita 3-0. Moroko hawakuhangaika kuutafuta mpira, walilinda nafasi. Ndani ya gemu, makocha wanaoendeshwa na kompyuta hufanya vivyo hivyo ukishakuwa mkubwa, na ndiyo maana mbinu iliyokupa ubingwa msimu wa kwanza hukwama wa pili: hadhi ya klabu yako imepanda, kwa hiyo wanakuja kupaki basi, yaani kujazana nyuma kulinda goli.

Dawa kubwa, kwa maoni yangu, iko kwenye majukumu ya wachezaji kuliko kwenye maagizo ya timu. Jiulize swali moja: mpira ukiwa kwa kiungo wako, ni nani anakimbia? Kama namba tisa wako, mshambuliaji wa kati, ni yule anayeshuka kuufuata mpira, lazima awepo mwingine wa kumpita na kuingia nyuma ya mabeki, la sivyo mabeki wao wanasimama tu wakitazama. Kwenye 4-3-3, viungo watatu wapewe kazi tatu: mmoja abaki, mmoja achezeshe, mmoja avamie boksi. Ukiweka wachezeshaji wawili ubavu kwa ubavu umejifunga mwenyewe, kwa sababu jukumu la mchezeshaji huuvuta mpira. Wenzake humtafuta yeye kwanza, na wote wawili wanaishia kuusubiri eneo lilelile. Winga mmoja aachwe pembeni kabisa, agusane na chaki, hata akikaa dakika 10 bila mpira. Yeye ndiye anayeutanua ukuta ili wengine wapate upenyo.

Kuhusu tempo, pasi fupi haina lazima ya kuwa ya polepole. Pasi fupi zenye kasi kidogo ndizo zinazomfika mpinzani kabla hajateleza.

Kuna upande mwingine ambao watu huusahau: umiliki hujengwa pia wakati huna mpira. Timu inayopiga pasi nzuri lakini ikipoteza inarudi nyuma kujipanga, itamwachia mpinzani naye apige pasi zake. Ukitaka mpira mwingi, uukabe papo hapo ulipopotea, na mstari wa ulinzi uwe juu ili timu isiwe na mapengo. Lakini mstari wa juu unadai mabeki wa kati wenye mbio. Kama huna, lile bao la dakika ya 78 utaliona kila wiki.

Na wachezaji wenyewe. Sifa zao hupimwa 1 hadi 20, na macho ya wengi hukimbilia kwenye pasi. Kiungo mwenye pasi 15 na utulivu 8 akibanwa na watu wawili anautoa mpira kama mtu aliyeshika kaa la moto. Tazama pia mguso wa kwanza na maamuzi. Halafu fungua orodha ya mazoea yake: aliyezoea kupiga mashuti ya mbali atayapiga tu, hata kama umeiambia timu nzima ifike ndani ya boksi.

Mimi nilibadilisha mambo matatu. Niliondoa lile agizo la kufika ndani ya boksi, maana linapunguza mashuti ya mbali na krosi, na ukuta ukishajipanga unazihitaji zote mbili. Nilipandisha mentaliti ngazi moja. Nikamwagiza winga wa kulia abaki pembeni. Kisha nikaitazama mechi iliyofuata kwa dakika 15 za mwanzo bila kuruka kitu, macho kwa namba sita. Dakika ya 11 akageuka, akamwona winga, na safari hii akaipiga ile pasi ya mita 30. Beki wao wa kushoto akatoka kumfuata, kiungo wetu mvamizi akaingia kwenye pengo aliloliacha. Umiliki ulishuka hadi asilimia 58, tukashinda 2-0.