Si kila ukungu ni mtoto wa jicho

Mgonjwa akiniambia, "Daktari, nina mtoto wa jicho, nasubiri akomae," huwa namwomba tuanze upya. Huenda kweli ni mtoto wa jicho. Huenda pia ni presha ya macho, yaani glakoma, na hapo kusubiri ndiko kunakopofusha. Uoni uliofunikwa na mtoto wa jicho kwa kawaida hurudi baada ya upasuaji. Ulioliwa na glakoma haurudi kwa dawa, kwa kisu wala kwa miwani.

Nyuma ya mboni kuna lenzi angavu ya maji na protini. Miaka ikienda, protini hizo hugandana na lenzi huingia ukungu; huyo ndiye mtoto wa jicho. Taa za magari usiku hutawanyika, rangi hufifia, miwani hubadilishwa mara kwa mara bila nafuu. Hakuna matone yanayomwondoa mtoto wa jicho, hata muuzaji aape vipi. Tunatia jicho ganzi, tunatoboa tundu la milimita 2 au 3, tunaivunjavunja lenzi iliyochafuka kwa mawimbi ya sauti na kuinyonya, kisha tunapachika lenzi bandia katika kifuko kilekile. Mara nyingi haifiki nusu saa, na mgonjwa hulala kwake usiku huohuo. Lenzi bandia ya kwanza iliwekwa London mwaka 1949 na daktari wa macho Harold Ridley, aliyegundua kwamba vipande vya plastiki vya vioo vya ndege za kivita vilikaa machoni mwa marubani bila kuleta uvimbe.

Kusubiri akomae ni habari ya zamani. Tunapasua pale ukungu unapomzuia mtu kufanya shughuli zake. Mtoto wa jicho akiachwa mno, lenzi huwa ngumu na upasuaji huwa na hatari zaidi.

Glakoma ina mwendo mwingine. Jicho hutengeneza maji yake ya ndani, tofauti na machozi, na kuyatoa kupitia vichujio vyembamba. Vikiziba, presha hupanda na kuudhuru mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Mshipa huo una nyuzi zaidi ya milioni 1, na zikifa hazioti tena. Kwa kawaida uoni huanza kuliwa pembeni, polepole, bila maumivu. Mtu hujigonga kwenye mlango, hukosea ngazi, lakini herufi za ubaoni anazisoma zote. Ndiyo maana kusomeshwa herufi peke yake hakutoshi. Tunapima presha, ambayo kawaida ni kati ya 10 na 21 kwa milimita za zebaki, tunauchungulia mshipa wenyewe, na tunapima upana wa uoni, kwa kuwa wapo ambao presha yao ni ya kawaida na mshipa unakufa vilevile.

Ukiwa umevuka miaka 40, au una mzazi au ndugu wa damu mwenye glakoma, au una asili ya Afrika, njoo upimwe hata kama unaona vizuri. Na tafadhali, achana na matone ya steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, yanayonunuliwa kiholela kwa macho yanayowasha. Hutuliza wekundu, lakini yakitumika wiki baada ya wiki yanaweza kupandisha presha na kuleta mtoto wa jicho. Inaniuma sana kumkuta kijana aliyepoteza uoni kwa namna hiyo.

Tiba ya glakoma ni matone, leza, au upasuaji wa kuyafungulia maji njia mpya. Wengi huacha matone wakisema hayasaidii, kwa kuwa hawaoni vizuri kuliko jana. Kazi yake ni kulinda uoni uliobaki.

Jicho likiuma ghafla na kuwa jekundu, ukaona duara za rangi kuzunguka taa na kutapika, nenda hospitali saa hiyohiyo; huenda ni glakoma ya ghafla.

Siku ya kupimwa, beba vichupa vyote vya dawa unazotumia, na uje na mtu wa kukurudisha nyumbani, maana matone ya kupanua mboni huacha ukungu kwa saa kadhaa.