Mashine ya kukwangua barafu nyumbani: tazama kisu kwanza, mota baadaye

Ukitia barafu kwenye blenda unapata kokoto na maji. Shira ukiimimina juu yake inateremka yote hadi chini ya bakuli, nawe unabaki kutafuna barafu isiyo na ladha. Barafu ya kukwangua ni maganda membamba yaliyolaliana, yenye nafasi ndogo ndogo katikati, na shira hunasa humo. Blenda hupiga, mashine hii huparua. Mfikirie seremala na randa yake, kisha uilaze randa chali, kisu kikitazama juu, na badala ya ubao uzungushe pande la barafu juu yake. Mashine ndiyo hiyo. Mpini, gia, mota na rangi ya kupendeza vipo tu kulikandamiza pande hilo kwenye kisu.

Kwa hiyo dukani, iwe Kikuubo, soko la Kampala, au kwenye duka la vyombo Arua au Mbale hapa Uganda, swali langu la kwanza si wati ngapi. Nauliza kama kisu kinatoka. Kikiwa kimeshikwa kwa skrubu mbili au tatu, unaweza kukifungua, kukinoa na kukirekebisha. Kikiwa kimezamishwa ndani ya plastiki, siku kinapopoteza makali umepoteza mashine nzima. Chungulia pia ndani ya tundu la barafu: ukikuta meno yanayozunguka badala ya kisu kimoja bapa, hiyo ni mashine ya kuponda, hata kama sanduku lina picha ya mlima wa theluji.

Kwa nyumba ya kawaida mimi napendekeza ile ya chuma ya kuzungusha kwa mkono, yenye sahani ya miiba inayoshuka kwa skrubu ndefu na kulibana pande kutoka juu. Inakubali pande la umbo lolote linaloingia, haichagui siku za umeme, na nati au mpini ukivunjika, fundi wa vyuma wa Katwe, Kampala, anaweza kukuchongea mwingine. Ile ndogo ya umeme ni rahisi kwa watoto na haichoshi mkono, lakini inataka barafu ya duara iliyogandishwa kwenye vikopo vyake yenyewe. Hesabu vikopo kabla ya kulipa. Viwili havitoshi, kwa sababu kila kimoja kinatoa bakuli moja au mbili, kisha unasubiri hadi kesho. Zile za mkononi za plastiki tupu, zenye gia za plastiki, sizipendekezi kwa mtu yeyote.

Ya chuma, ifute ndani kwa kitambaa cheupe chenye maji kabla hujatoa hela. Kikitoka na weusi wa kijivu, ni alumini isiyopakwa kitu, na weusi huo utaishia kwenye barafu. Ikiwa imepakwa kromu, pitisha ukucha kwenye kingo za tundu. Panapoanza kubanduka dukani, nyumbani patabanduka zaidi. Zungusha mpini bila barafu mizunguko kumi. Ugumu unaorudi mahali palepale kila mzunguko maana yake shafti imepinda.

Umeme

Soma kibandiko cha nyuma, si sanduku. Uganda tunatumia volti 240 na hezi 50, kwa hiyo unatafuta 220-240V, 50Hz. Mashine zinazoletwa kutoka Marekani ni za volti 120, na za Japani ni za volti 100. Ukiichomeka ya volti 120 kwenye 240, inajaribu kula nguvu mara nne ya ile iliyotengenezewa, na mota inaungua kabla hujamaliza kushangaa harufu. Adapta ya plagi haibadilishi volti, inabadilisha umbo la miguu tu. Unahitaji transfoma ya kushusha, na kwa mota ya wati 250 usichukue iliyo chini ya VA 500 (VA ni kipimo cha uwezo wa transfoma), kwa sababu mota inapoanza huvuta zaidi ya kawaida. Ikiwa kibandiko kinasema 60Hz pekee, hata kwa transfoma mota za aina fulani zitazunguka polepole na kupata moto. Hiyo iache dukani.

Mashine yenye mwili wa chuma na waya wa nyaya tatu ipewe plagi ya miguu mitatu yenye ethi halisi, yaani waya wa ardhini: kahawia ni laini, buluu ni nyutro, kijani chenye mistari ya njano ni ethi. Vile viadapta vya bei ndogo vinavyomeza plagi ya miguu miwili vingi havina ethi, na hapa mikono yako imelowa. Ndani ya plagi weka fyuzi ya ampea 3, au 5 kama ya 3 inakatika mota inapoanza. Ile ya 13 inayokuja na plagi ni ya pasi na birika.

Ukikuta kibandiko kimeandikwa "KB 1 min" au kitu kama hicho, si mapambo. Mota inaruhusiwa kuzunguka dakika moja mfululizo, kisha ipumzike hadi ipoe. Mashine nyingi ndogo huungulia hapo: sherehe ya mtoto, foleni ya bakuli ishirini, mota moja. Kuhusu Yaka, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, usiwe na wasiwasi. Wati 250 kwa dakika moja ni kiasi cha yuniti 0.004. Anayekula umeme ni friza, na hata yeye kugandisha lita moja ya maji humgharimu takriban moja ya kumi ya yuniti.

Barafu yenyewe

Hapa ndipo kazi inapoharibikia, halafu mashine inalaumiwa. Chemsha maji, hata ya bomba. Kuganda hakuui vijidudu, kunavilaza tu. Kampala maji yanachemka kwa nyuzi 96 hivi kwa sababu ya mwinuko, na hiyo inatosha. Yaache yatokote vizuri dakika moja, na huko milimani kama Kabale yape dakika tatu. Kuchemsha pia kunafukuza hewa iliyomo kwenye maji, na hewa ndiyo inayoleta ule weupe katikati ya barafu. Mapovu hayo ni nyufa ndogo. Kisu kikifika hapo, ganda linakatika na kuwa chenga.

Yakipoa, jaza kikopo sehemu tisa kati ya kumi, kwa sababu maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9 na hupasua plastiki. Vikopo vyako vikipotea, pima upenyo wa tundu kwa rula, kisha tafuta chombo chembamba kidogo kuliko hapo, chenye mdomo mpana kuliko kitako ili barafu itoke bila kupigwa. Funika. Barafu hunyonya harufu, na friza nyingi zetu zina sangara na mukene, yaani dagaa. Shira ya embe juu ya barafu inayonukia mukene sidhani kama ina dawa.

Pande la nusu lita lipe usiku mzima na zaidi. Mimi nahesabu saa 24, kwa sababu kitovu huganda mwisho kabisa, na pande lenye maji katikati hupasuka likibanwa na miiba. Ukitaka barafu angavu kama kioo, tumia kontena dogo la kutunzia baridi, lile lenye kuta nene, uliweke ndani ya friza bila kifuniko. Kuta zinazuia baridi ya pembeni, kwa hiyo maji yanaganda kutoka juu kwenda chini na kuzisukuma hewa na taka chini. Litoe kabla ya chini kuganda, mwaga maji yaliyobaki, na pande lililo juu ni safi. Kwa matumizi ya kila siku si lazima. Kwa wageni, ndiyo.

Kukatika kwa umeme kunadanganya. Barafu inayeyuka, inaganda tena ikiwa imeegemea upande mmoja, na wewe hujui. Weka sarafu ya shilingi 500 juu ya kikopo kimoja kilichokwisha kuganda. Ukiikuta imezama, umeme ulipotea muda mrefu. Mwaga, anza upya.

Sasa jambo ambalo maelezo ya kwenye sanduku hayasemi: usikwangue barafu papo hapo inapotoka friza. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri barafu ni kavu na hukatika ovyo, inatoa unga na vipande vyenye ncha. Iweke kwenye sahani uitazame. Kwanza ina ukungu mweupe juu, na kidole kinanata. Baada ya dakika tano hadi kumi, kutegemea joto la jikoni, ukungu unaondoka, uso unang'aa kama uliopakwa mafuta, na kidole kinateleza. Hapo ndipo. Ukichelewa hadi dimbwi lizunguke pande, umepitiliza na utapata uji. Kile kichumba kidogo cha barafu ndani ya friji ya mlango mmoja kina kazi tofauti: chenye nyota moja hufika nyuzi 6 tu chini ya sifuri, cha nyota mbili 12. Barafu yake tayari ni laini, ipe dakika mbili.

Kuweka kisu

Kama ni ya umeme, ichomoe kwanza, usizime swichi tu. Osha kila kitu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kausha, kisha paka vaselini nyeupe isiyo na manukato kwenye skrubu ndefu na shafti, kidogo tu. Mafuta ya kupikia hugeuka gundi baada ya wiki chache. Ukienda famasi unaweza kununua parafini ya kunywa, ile nyeupe isiyo na harufu, nayo ni nzuri zaidi. Ila usimtume mtoto "parafini" bila maelezo, atakuletea mafuta ya taa.

Kisu kinapaswa kuchungulia kidogo sana juu ya bamba lililokishika. Chukua karatasi mbili za kawaida za kuchapia, kata vipande, weka viwili viwili kila upande wa mwanya wa kisu. Laza rula ya chuma juu yake ikivuka mwanya. Legeza skrubu za kisu nusu mzunguko, sukuma kisu polepole hadi makali yaiguse rula bila kuinyanyua, kisha kaza. Karatasi moja ni kama sehemu ya kumi ya milimita, kwa hiyo umepata unene wa 0.2. Angalia ncha zote mbili. Upande mmoja ukiwa juu zaidi, pande litaliwa mshazari, litalala, na mpini utakwama ukiwa katikati ya bakuli la kwanza.

Zungusha kwa mwendo mmoja na acha miiba ifanye kazi ya kusukuma. Zungusha bakuli pia, barafu ianguke kila mahali, wala usiishindilie kwa kijiko. Gramu 150 hadi 200 zinajaza bakuli moja, kwa hiyo pande la nusu kilo ni la watu watatu hivi.

Barafu ikitoka kama mchanga, subiri kwanza dakika tatu ujaribu tena, na ikiendelea hivyo shusha kisu kwa karatasi moja. Ikitoka na maji mengi wakati pande bado gumu, kisu kimekuwa butu na kinasugua badala ya kukata. Pande likisimama huku miiba inazunguka, sehemu ya juu imelowa na kuwa laini: ifute kwa kitambaa kikavu, kaza tena. Mashine ikitembea mezani, iweke juu ya kitambaa kilicholowa na kukamuliwa. Raba za miguu hazishiki meza yenye vumbi.

Kunoa: msasa wa maji namba 1000 juu ya kipande cha kioo, ukiwa umelowa. Suguwa upande wenye mteremko peke yake, kwa pembe ileile uliyoikuta, mara ishirini au thelathini. Kisha laza upande bapa upitishe mara mbili kuondoa ule ukingo unaokwaruza kidole. Usimpe kisu hiki fundi anayenoa kwa gurudumu la baiskeli. Anafaa sana kwa panga, lakini jiwe lake kavu linakipasha moto kisu chembamba hadi kigeuke buluu, na chuma kilichogeuka buluu hakishiki makali tena.

Shira

Iwe nzito na iwe baridi. Shira nyepesi au ya moto inaangusha kilima kwa sekunde. Kwa pasheni, chuja juisi mililita 300 bila maji, weka kwenye sigiri moto mdogo, koroga sukari gramu 450 hadi iyeyuke, epua kabla haijatokota. Kwa ukwaju, loweka gramu 200 kwenye mililita 400 za maji moto nusu saa, kamua, chuja, tia sukari gramu 500, chemsha dakika mbili. Weka friji usiku mzima. Vijiko vikubwa vitatu kwa bakuli, mimina nusu kabla ya kuongeza barafu ya juu, nusu mwisho.

Baada ya kazi fungua kisu, osha, tumbukiza sehemu za plastiki dakika mbili kwenye maji yenye Jiki, kijiko kikubwa kimoja kwa lita nne, uzisuuze kwa maji yaliyochemshwa. Kisu usikitie humo, Jiki inakila. Kikaushe kwa kitambaa, kipake vaselini nyembamba, kifunge kwenye karatasi na uandike juu yake "kisu", kwa sababu siku moja mtu atafungua droo hiyo gizani.