RX-8 inazunguka kwa uzito? Usikimbilie kulaumu injini

Simu huwa ni ileile, anayepiga ndiye anayebadilika. "Fundi, Mazda RX-8 yangu ikipigwa stata inazunguka kwa uzito, inachelewa kuwaka. Gereji wamepima, wanasema kompresheni imeisha, nitafute injini." Namuuliza: walipopima, stata ilikuwa inaizungusha injini mara ngapi kwa dakika? Hapo kimya. Namba ya kompresheni, yaani jinsi injini inavyobana hewa, anayo kwenye karatasi, lakini hakuna aliyeandika iliposomwa injini ilikuwa na mwendo gani. Kwa injini ya rotari kama ya RX-8, karatasi hiyo ni ya kufungia maandazi.

"Ni rotari hiyo. Ikichelewa kuwaka, ujue imekwisha."

Dhana hii inanikera kuliko zote kwa sababu ina chembe ya ukweli, na chembe hiyo imewatoa watu hela ya injini nzima. Ni kweli rotari hufa kwa kupoteza kompresheni. Injini ya RX-8, ile 13B-MSP ambayo Mazda waliipa jina la Renesis, haina pistoni wala ringi. Ina rota mbili za pembetatu, na kwenye kila ncha ya rota kuna sili inayosugua ukuta muda wote inapozunguka. Sili zikilika, hewa inavuja kutoka chumba kimoja kwenda kingine, na gari linakuwa gumu kuwaka. Mpaka hapo sina ugomvi na mtu.

Ugomvi unaanza kwenye upimaji. Kiwango cha chini walichoweka Mazda ni kilopaskali 680, injini ikizungushwa mara 250 kwa dakika. Wengi wanaikariri hiyo 680, 250 wanairuka. Sili za rota zinapozunguka polepole, hewa inapata muda mrefu zaidi wa kupenya kabla haijabanwa. Kwa hiyo injini nzima kabisa, ukiizungusha kwa 170 au 180, itakupa namba ya marehemu. Stata imechoka, betri ni dhaifu, waya umeliwa na kutu, halafu hukumu inaangukia injini.

Kuna la pili, nalo ni geji. Ile ya kawaida ya pistoni hushika namba kubwa iliyoipata na kubaki hapohapo. Rota moja ina nyuso tatu, na kila uso ni chumba chake. Uso mmoja mzima unatosha kuficha miwili mibovu. Aliyekuletea namba moja kwa kila rota amekadiria tu. Zinatakiwa namba tatu kwa rota, sita kwa injini nzima, pamoja na mizunguko iliyosomwa wakati huohuo. Asiye na mashine ya rotari anaweza kutoa valvu ndogo kwenye bomba la geji na kuangalia mshale ukidunda: mdundo wa kwanza, wa pili, wa tatu, yote sawa. Hatapata namba, ila ataona kama kuna uso uliolala.

Na la tatu, ambalo ndilo linalowaponza watu wa mjini, ni injini kulowa mafuta. Umelipeleka gari kuoshwa. Kijana analiwasha, analisogeza mita tatu, analizima, baada ya nusu saa analisogeza tena. Rotari ikiwa baridi inamwagiwa petroli nyingi. Ukiizima kabla haijapata moto, petroli hiyo inabaki ndani, inalowesha plagi na kuosha oili inayozisaidia sili kubana. Ukirudi unakuta inazunguka tu haiwaki, na ukiipima saa hiyo kompresheni iko chini kweli, ingawa hakuna kilicholika. Stata dhaifu huongeza tatizo, maana kila jaribio lisilofanikiwa linamwaga petroli nyingine. Dawa yake: kanyaga mafuta mpaka chini, pedali iguse sakafu, ndipo upige stata. Kompyuta ikiona hivyo hukata petroli, na injini inapata nafasi ya kupumua. Piga sekunde 10 tu, pumzisha stata, rudia. Ikikataa, fungua plagi zote nne, zikaushe, tia oili kidogo kwenye matundu, izungushe, ndipo urudishe. Pima kompresheni baada ya hapo.

Kwa wateja wangu wenye rotari nina sharti moja, na wanaolidharau huwa narudi kuwaona: usimpe mtu funguo akusogezee gari. Ukiliwasha, liache mpaka mshale wa joto utulie katikati, hata kama ulikuwa unalitoa juani tu.

Basi unaanzia wapi? Anza na mizunguko. Hata kile kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani na kusoma kwenye simu kitakuonyesha injini inazunguka mara ngapi stata inapopiga. Kama hufiki 200, usiniambie habari za sili. Chukua multimita, iweke kwenye volti za DC, mwite mtu akae kwenye usukani akanyage mafuta mpaka chini, ili injini izunguke bila kuwaka.

Betri iliyolala usiku kucha bila kazi ikiwa imejaa husoma 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ikisoma 12.0 kushuka chini, kaichaji kwanza, hakuna kipimo cha maana utakachopata. Sasa piga stata huku unasoma betri yenyewe. Ikianguka chini ya 9.6, ama betri imechoka ama stata inavuta kupita kiasi. Weka betri nyingine unayoiamini ujue ni ipi kati ya hizo mbili. Kisha weka ncha nyekundu juu ya nguzo ya chanya ya betri, ile risasi yenyewe na si kibanio, na ncha nyeusi kwenye nati ya waya mnene wa stata. Piga stata. Kikizidi 0.5, waya au maungio yanakula umeme. Malizia upande wa ethi: ncha moja kwenye nguzo ya hasi, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini. Hapo sitaki kuona zaidi ya 0.3.

Mtu ataniambia nusu volti ni kitu gani. Fanya hesabu. Stata inavuta ampea 150 hadi 200, pengine zaidi. Ukinzani wa omu 0.01 tu, ambao multimita ya kawaida haiwezi hata kuuona, ukipitishwa ampea 200 unakula volti 2. Stata iliyopaswa kupata 10 inapata 8, na wati 400 zinageuka joto kwenye maungio. Shika vibanio mara baada ya kupiga stata: kinachounguza vidole ndicho kibovu. Na wakati huohuo koili, pampu ya petroli na nozeli nazo zimenyimwa umeme, kwa hiyo injini inazunguka polepole na cheche nayo imefifia.

Hapa pwani waya wa ethi ndio ninaoushuku kabla ya vyote. Injini imekaa juu ya raba, kwa hiyo umeme wa stata unarudi kwenye betri kupitia waya huo, na hewa ya chumvi inaushambulia kuanzia kwenye kichwa chake kwenda ndani. Kwa nje ganda liko safi. Ukilichana unakuta shaba imegeuka unga wa kijani, nyuzi nyingine zinakatika ukizigusa. RX-8 ya mwisho ilitoka kiwandani mwaka 2012, kwa hiyo waya wa awali, hata ukiuona unang'aa, si kijana tena. Halafu kuna mafundi walioshusha giaboksi wakaufunga juu ya rangi, au wakausahau kabisa. Hapo umeme unatafuta njia za panya, hata kupitia kebo ya mafuta au ya klachi kwenye magari yenye kebo hizo.

Kama betri imeshika, waya hazili kitu na bado inazunguka kwa uzito, hapo stata yenyewe ina kesi: kaboni zimeisha, bushi zimelegea, amecha, ile sehemu inayozunguka ndani ya stata, inasugua. Stata za RX-8 za miaka ya mwanzo, kuanzia 2003, zilikuwa dhaifu kiasi kwamba Mazda wenyewe baadaye walitoa yenye nguvu zaidi. Ukibadilisha, tafuta hiyo ya baadaye. Usichukue ya zamani iliyong'olewa kwenye gari jingine.

Na injini iliyochoka kweli unaijuaje? Asubuhi inawaka. Unaenda kituo cha mafuta, unazima dakika kumi, ukirudi inazunguka upesi, kwa sauti nyepesi, na haiwaki mpaka ipoe. Upesi, nasisitiza. Ikiwa ya moto na inazunguka kwa uzito, rudi kwenye umeme, maana stata na waya zikipata moto ukinzani hupanda. Ikiwa ya moto, inazunguka 250 na zaidi, na plagi na koili ni nzima, hapo ndipo neno kompresheni linatamkwa.

"Nimeweka stata mpya kali, sasa inawaka, injini imepona."

Hii ni dhana ileile kwa upande wa pili, na wauzaji wa magari wanaipenda. Stata kali huizungusha injini chovu kwa kasi inayotosha kuficha uvujaji. Gari linawaka, sili zimelika vilevile. Anayekwenda kununua RX-8 alipige moto kwanza, alizime, anywe soda, kisha aliwashe. Muuzaji akikataa, umeshapata jibu.

"Taa zote zinawaka, honi inapiga, betri haina shida."

Taa mbili za mbele za wati 55 zinakula ampea kama 9 tu. Betri iliyobakiza roho ndogo itakuwashia taa na redio saa nzima, ikiombwa 200 inazimia. Ukitaka kutumia taa kama kipimo, ziangalie wakati stata inapiga. Zikififia mpaka kukaribia kuzima, betri au vibanio vyake. Zikibaki kali na stata haichezi, umeme haufiki kwenye stata.

"Betri kubwa itaunguza stata."

Haiunguzi. Stata huchukua inachohitaji, na volti ni zilezile 12. Kinyume chake, kuizungusha kwa umeme hafifu muda mrefu ndiko kunakochoma kaboni. Na wale mnaofunga betri ndogo ya NS40 ya Vitz kwenye rotari kwa sababu ilikuwa bei nafuu na imeenea kwenye sahani yake, mnajitafutia.

"Mwagia Coca-Cola kwenye teminali."

Ule unga mweupe na kijani unatokana na asidi, na soda nayo ni asidi yenye sukari. Unga utatoka, utabaki na utelezi unaonata. Maji ya uvuguvugu yenye magadi yanaua asidi kwa dakika moja. Suuza, kausha, piga brashi ya waya mpaka risasi ing'ae, kaza, ndipo upake grisi. Grisi iwe juu ya kibanio kilichokazwa, isiwe katikati ya kibanio na nguzo.

"Injini ikichoka, iwekee oili nzito."

Kwa joto la Dar hutaona tofauti kubwa kwenye stata. Asubuhi ya Mbeya au Arusha mwezi wa saba, oili nzito ya 20W-50 itaiongezea mzigo stata iliyokwisha kulemewa. Sili iliyolika hairudi kwa oili.

"Injini ikishawaka, chomoa teminali uone kama alteneta inachaji."

Acheni, jamani. Acheni kabisa. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa alteneta. Ukiichomoa injini ikiwa inanguruma, volti zinaweza kuruka ghafla na kuua diodi za alteneta, na zikifika kwenye kompyuta ya gari, hiyo ndiyo gharama utakayoikumbuka. Kipimo kiko wazi: injini ikiwa inanguruma, weka multimita kwenye nguzo za betri. Ikisoma kati ya 13.8 na 14.5, alteneta inafanya kazi. Washa taa na feni, isome tena. Ikishuka chini ya 13, mtafute fundi wa alteneta. Multimita ya bei ya chini kabisa inatosha, na spana haihitajiki.