Chopda Pujan: Usiku wa Kuombea Daftari la Hesabu

Diwali wengi wetu tunaijua kwa taa. Ukipita Kisutu, Dar es Salaam, jioni ya sikukuu hiyo, huwezi kuzikosa: vibakuli vya udongo vyenye mafuta na utambi, vimepangwa vizingitini na kwenye ngazi. Hata jina lenyewe, kwa Kisanskriti, maana yake ni safu ya taa. Lakini kwa mfanyabiashara wa Kigujarati, mwenye asili ya Gujarat, magharibi mwa India, usiku huo una shughuli nyingine isiyoonekana kutoka barabarani, nayo huitwa Chopda Pujan.

Chopda ni vitabu vya hesabu za biashara. Pujan ni ibada. Kwa hiyo, ni ibada ya kuombea daftari jipya kabla halijaandikwa mauzo wala deni la mtu.

Sababu ni kalenda. Diwali huangukia usiku wa giza usioonekana mwezi, kati ya Oktoba na Novemba, na kwa Wagujarati ndio usiku wa mwisho wa mwaka. Mwaka wao, wa Vikram Samvat, unatangulia huu wetu wa kawaida kwa miaka 56 au 57. Tarehe 22 Oktoba 2025 waliingia 2082. Mwaka ukifungwa, hesabu nazo hufungwa. Na kwa kuwa Lakshmi, mungu wa kike wa neema na utajiri, huaminiwa kuzuru usiku huo nyumba zilizo safi na zenye mwanga, hakuna wakati bora zaidi wa kumwekea daftari mbele yake.

Daftari lenyewe kwa desturi huwa na jalada jekundu. Ukurasa wa kwanza hufunguliwa, mtu akachovya kidole kwenye kumkum, ule unga mwekundu, akachora swastika. (Usishtuke. Alama hiyo ni ya heri, na Wahindu walikuwa nayo maelfu ya miaka kabla Wanazi hawajaichukua.) Pembeni huandikwa Shubh, yaani heri, na Labh, yaani faida. Kisha huja sehemu ninayoipenda mimi: neno Shri, la heshima na baraka, huandikwa mara moja juu, mara mbili chini yake, halafu mara tatu, mpaka maneno yanasimama kama piramidi. Juu ya ukurasa huwekwa jani la tambuu, popoo, sarafu na punje za mchele. Wanaoombwa ni Lakshmi, Ganesh mwenye kichwa cha tembo anayeondoa vikwazo, na Saraswati wa elimu, maana hesabu bila akili ni hasara.

Kesho yake watu hupeana mkono wa mwaka mpya: "Saal Mubarak!" Ndiyo, mubarak ile ile ya Idi. Kigujarati kimekopa Kiarabu kama sisi, na ndiyo maana dukan na hisab zao hazihitaji mkalimani hapa pwani.

Maduka mengi hubaki yamefungwa hadi Labh Pancham, siku ya tano ya mwaka mpya, ndipo mstari wa kwanza wa biashara huandikwa. Ila tusichanganye mambo. Mhindi ni mtu mwenye asili ya India, Mhindu ni mfuasi wa dini. Mwenye duka Mwismailia au Bohora ni Mwislamu, na ibada hii si yake. Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya India ambao si Wahindu, wao wanayo.

Waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972 na kuhamia Leicester, Uingereza, walisaidia kuikuza Diwali ya Belgrave Road, ambayo sasa ni miongoni mwa zile kubwa kabisa nje ya India. Huko, kama huku, siku hizi mbele ya Lakshmi huwekwa kompyuta, na doa la kumkum hupakwa pembeni ya kioo. Mamlaka ya kodi ina mwaka wake na haijali mwezi umeandama lini. Wengine hununua daftari jekundu kwa ajili ya usiku huo tu, na likishaombewa hurudi kabatini na ukurasa wake mmoja ulioandikwa.